Paka safarini: mambo ya kutayarisha kabla gari halijaondoka Ngagara

Likizo kubwa inapokaribia, magari huanza kufungwa mizigo katika mitaa ya Ngagara, ile inayojulikana kwa nambari zake kuliko kwa majina. Wengine wanaelekea Rumonge na Nyanza-Lac kando ya ziwa, wengine Gitega, wengine wanavuka Mugina kwenda Kigoma au Kobero kuelekea Dar es Salaam. Wachache, hasa ndugu waliokuja kutoka Ulaya, wanakodi gari lenye hema juu ya paa na kukusudia kulala humo njiani. Katika kila nyumba yenye paka, swali moja hucheleweshwa hadi usiku wa mwisho: na huyu tunamwacha na nani?

Jibu la kawaida ni jirani, na mara nyingi ndilo jibu bora. Mbwa humfuata mtu. Paka hufuata ukuta, paa, kona ya jikoni na harufu aliyoipaka mwenyewe kila mahali kwa mashavu yake. Kumwondoa hapo ni kumnyang'anya ramani yake yote kwa mara moja. Kwa safari ya siku tatu au nne, mwenye jirani mwaminifu amwache paka nyumbani bila kujilaumu. Maelezo yanayofuata ni kwa wale wanaohama, wanaokwenda kukaa miezi, au wasio na mtu wa kumwachia.

La kwanza ni karatasi, kwa sababu ndizo zinazochukua muda mrefu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia uhuru wa kwenda na kurudi. Paka hana uhuru huo. Mpakani hahesabiwi kuwa mwanafamilia bali mnyama anayeingizwa nchini, sawa na mbuzi. Anahitaji cheti cha chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa na cheti cha afya kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo anayetambuliwa na serikali. Tanzania na Kenya hutaka pia kibali cha kumwingiza, kinachoombwa kwa mamlaka zao za mifugo kabla ya safari, si dirishani mwa forodha gari likiwa limekwisha simama. Masharti hubadilika, hivyo yafaa kuyathibitisha upya hata kwa aliyewahi kusafiri na mnyama miaka iliyopita. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulifungwa Januari 2024, na anayefikiria njia ya Kayanza aulize kwanza kama inapitika.

Chanjo ndiyo inayowakwamisha wengi. Hutolewa paka anapofikisha umri wa miezi mitatu hivi, na kinga haianzi siku ya sindano. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huhesabu siku 21 baada ya chanjo ya kwanza ndipo uikubali. Anayemfikia daktari juzi ya safari amechelewa, hata akiondoka na cheti chenye mhuri mzuri.

Kwa wanaokwenda Ulaya hesabu ni ndefu zaidi, na ni vema familia zenye ndugu Ubelgiji zikaijua mapema. Burundi haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazikubali bila kipimo cha damu. Paka atawekewa kwanza chipu yenye nambari chini ya ngozi, kisha atachanjwa, kisha zitapita angalau siku 30 kabla ya kutolewa damu. Damu hiyo hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya ili kupima kingamwili. Baada ya hapo husubiriwa miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Kwa jumla ni zaidi ya miezi minne, na hakuna ada inayoweza kuifupisha. Aliyekuja likizoni na paka wake kutoka Brussels ana njia nyepesi, mradi aliifikiria kabla ya kuondoka: kipimo kikifanywa akiwa bado Ulaya na matokeo yakaandikwa katika pasipoti ya mnyama, haitakiwi tena kungoja miezi mitatu ya kurudi. Akisahau, paka atabaki Bujumbura muda mrefu kuliko mwenyewe.

Ukali huu wote una sababu moja. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, hakimhusu mbwa peke yake. Paka aliyeng'atwa na mnyama mgonjwa huweza kukibeba na kukiingiza chumbani mwa watoto, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka mwaka 2030 kuwa lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa kinachoenezwa na mbwa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana hali yake, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona paka atakuwaje, wala asiweke dawa ya majani juu ya jeraha. Njiani hili ni zito kuliko nyumbani, kwa kuwa paka aliyeogopa huuma hata mkono unaomlisha.

Sasa safari yenyewe. Katika kituo cha mabasi cha COTEBU, pale Ngagara, mnyama mdogo huweza kuonekana ndani ya katoni au gunia lililofungwa kwa kamba. Gunia halifai: halina hewa ya kutosha, na paka akilichana mara moja tu atakuwa chini ya viti, au mbaya zaidi, nje ya mlango. Kinachohitajika ni kizimba kigumu chenye matundu, au kikapu imara chenye mfuniko unaofungwa, kikubwa kiasi cha paka kusimama na kugeuka. Ndani ya gari dogo, hiyo Probox inayojulikana na kila msafiri wa mikoani, kizimba huwekwa sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Paka asiachwe huru garini. Miguu ya dereva ndiyo maficho anayoyapenda, na huko ndiko breki iliko.

Wapo Waislamu wa Buyenzi na Ngagara wanaosita hapa, na kusita kwao kuna msingi. Wameisikia misikitini habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Lakini habari hiyo, kama ilivyopokewa katika vitabu vya Hadithi, inamlaumu kwa kumfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kizimba chenye maji, kivuli na mapumziko ni ulinzi, na anayesafiri nacho analichukua lile jukumu ambalo mwanamke yule alilitupa. Kizimba kiletwe nyumbani wiki mbili au tatu kabla, mlango ukiwa wazi, na ndani kitandikwe kitambaa alichozoea kukilalia. Paka anayekifahamu hukiingia mwenyewe. Asiyekifahamu huacha alama mikononi mwa familia nzima.

Barabara za Burundi zina mtihani wake. Kutoka Bujumbura, kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, gari hupanda kona juu ya kona kwa muda wa saa moja au zaidi. Paka aliyekula asubuhi atatapika. Anyimwe chakula saa nne hadi sita kabla ya kuondoka, lakini maji asinyimwe.

Bondeni hatari ni joto. Gari lililofungwa juani huongezeka nyuzi joto kama 10 ndani ya dakika 10, na karibu 20 ndani ya nusu saa. Foleni ya mafuta huchukua zaidi ya hapo. Paka hatoi jasho kama sisi. Akionekana anahema mdomo wazi kama mbwa, huo si uchovu, ni hatari. Apelekwe kivulini, aloweshwe kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, apepewe, na atafutiwe daktari.

Dawa za binadamu zikae mbali naye. Nusu kidonge cha parasetamoli chaweza kumwua. Dawa za kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zenye permethrini, humtia kifafa. Dawa ya kumtuliza itolewe na daktari wa mifugo aliyempima uzito, wala si na rafiki aliyewahi kusafiri na paka wake.

Kwa wanaolala ndani ya gari, hiyo nyumba ya magurudumu ambayo Kiswahili bado hakijaipatia jina moja, usiku ndio mgumu. Hapa kwetu viwanja vilivyotengwa kwa magari ya namna hii ni adimu. Watu huomba uani mwa nyumba ya wageni au hujitafutia nafasi karibu na ufukwe. Huko viboko hutoka ziwani usiku kuja kula majani, na mbwa wa mitaani hawakosekani. Kabla ya safari gari lilalwe mara mbili tatu likiwa limesimama uani nyumbani, paka akiwa ndani na beseni lake la mchanga, mpaka harufu ya gari iwe harufu yake. Njiani asitoke bila mkanda wa kifuani ulioshikwa na mtu mzima, na milango ifunguliwe mmoja mmoja, yeye akiwa kizimbani.

Mbuga za taifa ni jambo jingine: Kenya na Tanzania haziruhusu wanyama wa kufugwa ndani ya hifadhi hizo. Si ukaidi wa askari wa mbuga. Paka wa nyumbani ana nasaba moja na paka-mwitu wa Afrika. Wakikutana huzaliana, na damu ya mwitu hupotea polepole, mbali ya maradhi wanayoambukizana.

Chakula kiwe kilekile cha nyumbani. Ndagala waliokaushwa hubebeka vizuri na hakuna paka wa Bujumbura anayewakataa, ila wasiwe mlo pekee, na samaki wabichi wa kila siku humpunguzia vitamini B1. Paka anayekataa kula kwa zaidi ya siku moja au mbili aonwe na daktari, kwani ini lake huharibika upesi kwa njaa, hasa akiwa mnene.

Anayehama naye afungiwe chumba kimoja mahali papya kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuachiwa ua. Kama kuhama kwenyewe ni kwa karibu, tuseme kutoka Ngagara kwenda Kinama, asipoonekana atafutwe kwanza juu ya paa la nyumba ya zamani, na mpangaji mpya aombwe asimlishe bali apige simu.