Nani Analipia Kiti Kitupu?

Desemba wajukuu zangu walikuja Bungoma kutoka Kitale, wakashuka kwenye matatu wamekunjamana kama nguo zilizolala begini. Mdogo alikuwa amepakatwa njia nzima. Mkubwa, msichana wa darasa la saba, alishuka na hasira: kondakta alikuwa amepandisha nauli palepale stejini, maana ni msimu wa watu kurudi nyumbani. "Kukhu," akaniuliza kabla hata hajanisalimia, "kwani ile reli ya Kitale ni ya nini?"

Nikampa kijiti, nikamwambia achore vidole viwili mchangani. Kidole cha kwanza ni njia kuu: inatoka Nairobi, inapita Nakuru na Eldoret, inashuka Turbo na Webuye, inafika hapa kwetu, kisha Malaba mpakani. Cha pili kinachomoka Leseru, mbele kidogo ya Eldoret, kinapanda hadi Kitale. Haya, ukitoka Kitale utafikaje Bungoma kwa reli? Akafuata mstari, akaanza kucheka. Lazima ateremke hadi karibu na Eldoret, ndipo ageuke kuja huku magharibi. Kwa barabara anapitia Kiminini na Kamukuywa, basi.

Reli hiyo haikuchorwa ili mtoto amtembelee nyanya yake. Ilifika Kitale mwaka 1926, wakati wa ukoloni, ikiwa na kazi ya kubeba mahindi ya walowezi kuyapeleka bandari ya Mombasa. Na mahindi yale hayakulipa nauli kamili! Serikali ya kikoloni iliyapangia bei ya chini ili mlowezi aweze kuyauza ng'ambo, na pengo likazibwa na mizigo mingine, hasa bidhaa za kutoka nje zilizotozwa bei ya juu. Mzee aliyenunua blanketi dukani alikuwa anamsaidia mlowezi kusafirisha gunia, wala hakuambiwa. Msaada wa namna hiyo unaitwa ruzuku. Kwa hiyo mtu mzima akikwambia kwamba zamani reli ilijilipia yenyewe, mwitikie kwa heshima, ila usimwamini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kipande chake cha reli. Cha kwetu kikakabidhiwa Shirika la Reli la Kenya. Miaka ikapita, injini zikachakaa, malori yakachukua mizigo. Ndipo ikaja hoja kwamba serikali haijui biashara, wapewe watu binafsi.

Nyinyi wa Kitale mnajua kukodisha shamba. Mtu anakuja, anapima ekari, anapanda mahindi, anavuna, anaondoka. Umewahi kumwona mkodi akimwaga samadi kwenye shamba la mwenyewe? Labda, kama mkataba ni mrefu na mfuko wake mzito. Novemba 2006, Kenya na Uganda ziliikodisha reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Wenye hisa wakabadilika, ahadi zikawa nyingi, lakini malengo na malipo ya mkataba yakawashinda. Mwaka 2017 Kenya ikaichukua reli yake, miaka 14 kabla ya wakati. Watanzania walikwisha kuonja. Mwaka 2007 walikodisha yao kwa kampuni ya RITES ya India, na haikumaliza hata miaka mitano.

Na hata mkodi hodari hupanda kinacholipa. Kwenye reli kinacholipa ni mizigo: kontena halilii, halitaki choo, haliulizi tutafika saa ngapi. Treni ya abiria inaondoka na viti vitupu siku ya Jumanne, na bado inakula dizeli ileile.

Hapo msichana akanikamata. "Lakini matatu si za serikali, na zinatufikisha."

Kweli. Ila mwenye matatu hakujenga barabara. Barabara ni yetu sote, na kila lita ya mafuta hukatwa pesa za kuitengeneza: ilikuwa shilingi 18, ikawa 25 mwaka 2024. Mwenye treni ukimwambia anunue injini, atunze na njia ya chuma mpaka Malaba, kisha nauli yake ishindane na ya basi, umemfunga jiwe mguuni halafu unampigia filimbi akimbie.

Wajapani waliligawa shirika lao la reli mwaka 1987, na kampuni zinazohudumia Tokyo zinapata faida nono. Watu ni wengi, viti havikai vitupu. Ile ya kisiwa cha Hokkaido, penye baridi na watu wachache, bado inashikwa mkono na serikali. Mimi naona Kitale ni Hokkaido yenye mahindi.

Sasa sikieni hesabu ya nyumbani. Tangu 2013, bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini hutozwa pesa za reli. Ilianza kwa asilimia 1.5: kitu cha thamani ya shilingi 10,000 kinachangia 150. Treni mpya ya Mombasa ilipoanza mwaka 2017, kwa mkopo wa China, nauli ya chini ilikuwa 700. Tangu Januari 2024 ni 1,500, na bado tiketi peke yake hazilipi deni lile. Wanaochangia ni pamoja na muuza simu wa Kitale na mnunuzi wake, ambao hawajawahi kuiona.

Nikiulizwa, reli ibaki mali ya umma na abiria wapewe ruzuku, lakini kwa maandishi: treni ngapi kwa wiki, siku gani, nauli gani, na faini ngapi isipofika. Anayeiendesha awe mtu binafsi au shirika, hilo halininyimi usingizi, mradi samadi imeandikwa kwenye mkataba.

Msichana alikuwa bado amechuchumaa, anapiga hesabu mchangani kando ya vile vidole: simu ya baba, redio, pikipiki ya mjomba.

"Kukhu," akasema, "kumbe tiketi tulishakata."

Akaanza kuchora kidole cha tatu, kutoka Kitale moja kwa moja hadi mlangoni pangu.