Kipupwe, Msimu wa Kutembea Pwani

Kipupwe kikiingia Bagamoyo, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Dunda hujitanda kanga mabegani asubuhi, na wengi huahirisha mazoezi mpaka joto lirudi. Hapo ndipo tunapojinyima. Miezi hiyo ndiyo inayompa mtu wa pwani nafasi nzuri kuliko zote za mwaka ya kutembea kwa afya yake. Waingereza wana desturi ya kutoka kutembea mashambani hata baridi inapokuwa kali, na wana sababu: mwezi Desemba mchana wa London ni kama saa 8 tu, na jua lenyewe huinuka kidogo mno, kiasi kwamba ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D. Wao wanautafuta mwanga. Sisi mwanga tunao mwaka mzima, kwani hata Julai jua la adhuhuri huwa juu sana. Kinachotukwamisha ni joto, na kipupwe hutuondolea kikwazo hicho.

Msuli unapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati inayotumika hugeuka joto, na joto hilo halina budi kutoka mwilini. Damu hupelekwa kwa wingi kwenye ngozi, jasho hutoka, na jasho linapokauka ndipo mwili hupoa. Lakini jasho linalotiririka bila kukauka halipozi chochote. Hivyo ndivyo ilivyo Februari, hewa ikiwa nzito kwa unyevu: moyo unalazimika kuihudumia misuli na ngozi kwa wakati mmoja, na mtu huchoka kabla hajafika mbali. Wakati wa kipupwe hewa ni baridi na kavu kiasi, na kusi hulikausha jasho upesi. Moyo ule ule, kwa mwendo ule ule, hupiga polepole zaidi. Kwa anayeanza, hasa mwenye umri mkubwa au mwili mzito, nafuu hiyo ndiyo itakayoamua kama ataendelea au ataacha.

Kuendelea kuna maana kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Msuli unaotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposhindwa kufanya kazi vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutoka Mji Mkongwe hadi magofu ya Kaole ni kama kilomita 5, yaani saa moja ya mwendo wa haraka kiasi. Kwenda na kurudi mara moja tu ni dakika 120.

Wapo watakaosema baridi huleta kichomi. Nimonia na mafua huletwa na vijidudu, na vijidudu huenea kwa urahisi zaidi watu wanapojifungia pamoja ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Hata hivyo hofu hiyo haistahili kupuuzwa kwa kila mtu. Baridi inaweza kumwanzishia mgonjwa wa selimundu maumivu makali, na hewa ya baridi au vumbi huweza kuamsha pumu. Hao wavae nguo za kutosha, wanywe maji, na wazungumze na daktari kwanza. Wengine watauliza: mvuvi na mkulima wa Bagamoyo wanahitaji matembezi ya nini? Pengine hawayahitaji, kazi yao inawatosha. Makala haya yanawahusu muuza duka, mwalimu, karani na dereva wa bajaji, ambao hukaa kutwa. Mwaka 1953 mtafiti Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani.

Saa ifaayo ni alasiri, baada ya saa 10. Julai jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza huwatoa mbu wa malaria. Anayekwenda Kaole apime mwendo wake awe amekwisha kurudi mjini kabla ya hapo.