Mlango wa Tone Kando ya Mto Ayung

Mlango una umbo la tone la maji. Hauna pembe wala bawaba za ubavuni. Umeshikwa katikati, juu na chini, na ukiusukuma unageuka mzima: upande mmoja unakuja kwako, mwingine unakukimbia. Uko Bali, Indonesia, katika nyumba za mianzi zilizopandana kwenye bonde la mto Ayung, ambako wageni kutoka nchi za mbali hulipa fedha za kutosha kulala katika vyumba ambavyo kuta hazionekani kuwa na umuhimu.

Bali haihitaji utambulisho mrefu. Mwaka 2019 ilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni sita, na bonde la Ayung, karibu na mji wa Ubud, limejaa hoteli zinazouza utulivu: yoga alfajiri, kukandwa mwili kwa mafuta, mlio wa maji usiku kucha. Mojawapo ni Bambu Indah, iliyoanzishwa mwaka 2005 na John Hardy, sonara kutoka Canada aliyetia nanga kisiwani humo mwaka 1975, pamoja na mkewe Cynthia. Walianza na nyumba kuukuu za mbao za msaji zilizohamishwa kutoka Java, kisha wakaongeza za mianzi. Madimbwi ya kuogelea husafishwa na mimea na mawe, si klorini. Yote hayo mtu anaweza kuyasoma na kuyasahau. Mlango ndio unaogoma kutoka kichwani.

Anayeueleza vizuri kuliko wote ni Elora, binti wa John. Alikulia Bali, akaenda New York kuchora michoro ya vitambaa vya Donna Karan, akarudi mwaka 2010 kuongoza kampuni ya usanifu iitwayo Ibuku. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alimuuliza angependa nyumba ya namna gani. Akachora uyoga, ule wa hadithi za watoto. Mama akaujenga.

Mwaka 2015, jukwaani kwenye mkutano wa TED, Elora alieleza hoja ya mlango kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba yuko sahihi. Bawaba, anasema, zinapigana na uzito wa mlango tangu siku ya kwanza, na mwisho wa yote uzito ndio unaoshinda. Kila aliyewahi kuunyanyua mlango kidogo ili komeo liingie anajua anazungumzia nini. Basi kwa nini usiukamate katikati, mahali unapojisawazisha wenyewe? Na ukishauondoa ubavuni, nani kasema lazima uwe na pembe nne?

Lakini mlango ni mwisho wa safari. Mwanzo wake ni meza yenye vijiti.

Mianzi haikubali kuchorwa kama mbao. Kila mmoja umepinda kwa namna yake, unapungua unene kuelekea kileleni, una uwazi ndani, na hakuna miwili inayofanana. Kwa hiyo Ibuku hutengeneza kwanza nyumba ndogo ya vijiti, kwa mianzi ileile itakayojengea nyumba kubwa. Modeli hiyo ndiyo ramani. Inapelekwa eneo la ujenzi, fundi anapima kijiti kimoja kwa rula ndogo, anakitazama kilivyopinda, kisha anakwenda kwenye lundo la mianzi mirefu kutafuta mwenzake. Anageuza huu, anauacha. Anajaribu ule. Nguzo haikatwi ikafuata vipimo. Inatafutwa mpaka ipatikane. Mianzi inayotegemewa zaidi, petung, hutoa hadi mita 18 zinazofaa kwa ujenzi, nayo huwa tayari kuvunwa baada ya miaka mitatu au zaidi kidogo. Elora anasema waliwahi kushuhudia chipukizi likirefuka mita nzima kwa siku tatu.

Viungo vikubwa hutiwa chuma, hilo halifichwi. Sakafu, hata hivyo, hushikwa na maelfu ya vijipini vya mianzi, kila kimoja kimechongwa kwa kisu. Dari husukwa kwa fito nyembamba kwa sababu hakuna mbao bapa za kupigilia. Elora anakiri kwamba kuna siku huota plaiwudi, na ni vigumu kutompenda hapo.

Adui mkubwa ni mdudu. Mianzi mibichi ina wanga, na wanga huita vijidudu vinavyoibungua mianzi mpaka ikawa unga. Mmoja wao ni Dinoderus, wa jamii moja na dumuzi, yule aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kugeuza maghala ya mahindi kuwa vumbi. Dawa yao ni boraksi, chumvi ya asili: mianzi ikishaloweshwa humo, mdudu hawezi tena kuila. Bali inamdai shukrani Linda Garland, msanifu kutoka Ireland aliyeipigania njia hiyo kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2017. Bila boraksi, nyumba hizi za mianzi zisingedumu.

Si kila kitu kimefaulu. Katika nyumba hizo wazi walisuka bafu mithili ya kapu kubwa, likapendeza sana, ila baadhi ya wageni wakasita kulitumia: kinachofanyika ndani kinasikika nje. Elora aliisimulia habari hiyo akicheka, akakiri kwamba suala la sauti bado halijapata jawabu.

Kuna jingine lisilo la kuchekesha. Watu wengi wa Asia, anasema, huiona nyumba ya mianzi kuwa ya fukara aliyekosa njia, na dawa aliyoichagua ni kujenga kitu cha kustaajabisha hadi waitamani. Amefanikiwa, angalau kwa wenye tiketi za ndege. Nyumba ya Sharma Springs, kazi ya Ibuku, ina ghorofa sita, na mgeni huingilia ghorofa ya nne kupitia daraja. Ukumbi wa The Arc katika shule ya Green School, uliokamilika mwaka 2021, una matao yenye kimo cha mita 14.

Mianzi yenyewe hununuliwa kutoka mamia ya vichaka vya familia za vijijini. Je, bei ya nguzo moja imepanda kadiri bei ya chumba ilivyopanda? Na yule fundi anayezunguka lundo na rula yake, akitafuta mwenzake wa kijiti, jioni anarudi kwenye nyumba ya mianzi au ya saruji?