Uthabiti wa Alama za Hojaji na Majaribio ya Utambuzi: Ukadiriaji kwa Programu ya R

Ni jambo la kawaida mtafiti kutaja alfa ya Cronbach ya hojaji yake, kisha akalinyamazia jaribio la utambuzi alilolitumia pamoja na hojaji hiyo. Makala hii inafafanua namna ukimya huo unavyoweza kupotosha hitimisho la utafiti, na jinsi ya kuuondoa kwa kutumia programu huria ya R.

Uthabiti ni kiwango ambacho tofauti za alama baina ya washiriki hutokana na tofauti zao halisi, wala si makosa ya upimaji. Hiyo ni sifa ya alama zilizopatikana katika sampuli fulani, si sifa ya kudumu ya kifaa. Kwa hiyo, kunukuu kigawo cha mtafiti mwingine hakutoshi.

Kwa upande wa hojaji, alfa (Cronbach, 1951) huchukulia kwamba vipengele vyote vinaibeba kwa uzito sawa sifa inayopimwa. Omega ya McDonald hailazimishi usawa huo. Kifurushi cha psych katika R hukokotoa vigawo vyote viwili, ilimradi alama za vipengele vilivyoulizwa kwa kinyume zigeuzwe kwanza.

Majaribio ya utambuzi yana ugumu wa aina nyingine. Katika jaribio la Stroop (1935), mshiriki hutaja rangi ya wino. Neno “nyekundu” likiandikwa kwa wino wa kijani, huchelewa kujibu. Alama yake ni tofauti ya wastani wa muda wa kujibu baina ya hali mbili. Tuchukulie kwamba uthabiti wa kila hali ni 0.90, uhusiano baina ya hali hizo ni 0.80, na mtawanyiko wa alama zake ni sawa. Uthabiti wa tofauti utakuwa (0.90 − 0.80) ÷ (1 − 0.80), yaani 0.50 tu. Kutoa huondoa kile ambacho hali hizo zinashirikiana, ilhali makosa hubaki. Hedge, Powell na Sumner (2018), waliowapima washiriki kwa kurudia katika majaribio saba mashuhuri, walipata vigawo vya kuanzia 0 hadi 0.82.

Njia mojawapo ya ukadiriaji ni kuyagawa majibu ya kila mshiriki nusu kwa nusu, kupata uhusiano wa nusu hizo, kisha kuusahihisha kwa kanuni ya Spearman-Brown: uhusiano wa 0.60 huwa uthabiti wa 0.75. Kwa kuwa mgawanyo mmoja hutegemea bahati, kifurushi cha splithalf huurudia kwa nasibu mara maelfu na kutoa wastani.

Athari zake kwa hitimisho ni kubwa. Kwa mujibu wa Spearman (1904), uhusiano halisi wa 0.50 baina ya hojaji yenye uthabiti wa 0.80 na jaribio lenye uthabiti wa 0.50 hutarajiwa kuonekana kama 0.32. Kwa washiriki 30, kigawo hicho hakifikii kiwango cha 0.05 cha umuhimu wa kitakwimu. Mtafiti ataandika kwamba uhusiano haukuthibitika, ilhali upungufu umo katika kipimo.

Hivyo basi, tasinifu inapaswa kuripoti uthabiti wa kila alama inayoingia katika uchanganuzi, njia ya ukadiriaji, idadi ya migawanyo na vigezo vya kuondoa majibu. Bila taarifa hizo, mtahini hawezi kutofautisha nadharia iliyoshindwa na kipimo kilichoshindwa.