Mfasiri na Mkalimani Ndani ya Kompyuta: Istilahi za Kusakinisha na Kutunza Mfumo wa Linux

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zinazohitajika katika kufundisha kazi ya kusakinisha na kutunza mfumo wa kompyuta wa aina ya Linux, hasa ule ambao mtumiaji huujenga mwenyewe kutokana na matini yake chanzi. Tumeuchagua mfumo wa namna hii kwa sababu moja. Katika mifumo mingi kazi hufanyika nyuma ya pazia, na mtumiaji hubonyeza tu pale alipoelekezwa. Kwa hiyo istilahi mbovu huweza kupita bila kumdhuru mtu. Katika mfumo tunaouzungumzia hapa, kila hatua hufanywa kwa amri ya mtumiaji, na neno lisilo wazi hudhihirisha ubaya wake papo hapo.

Tumfikirie mwalimu wa sekondari huko Kiranjeranje, wilayani Kilwa, kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Amepata kompyuta kuukuu mbili, naye anataka kuwafundisha wanafunzi wake ujenzi wa mfumo huo kwa Kiswahili. Hana fundi wa kumwita. Anacho kitabu cha maelekezo kilichofasiriwa, na maneno ya kitabu hicho ndiyo fundi wake. Ikiwa mfasiri ametumia neno moja kwa kazi mbili, hasara itakuwa ya mwalimu na wanafunzi wake.

Kazi hii haianzi patupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Juhudi hiyo ilihusu zaidi maneno ayaonayo mtumiaji kwenye kioo. Sisi tunaendelea na maneno ya kazi iliyo chini ya kioo hicho.

2. Mfumo wenyewe

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Kiini ni programu inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote vya kompyuta. Lakini kiini peke yake si mfumo kamili. Hakina budi kuandamana na programu nyingine nyingi, na wako watu wanaoziunganisha na kuzigawa kwa watumiaji.

Wengi wao hugawa programu zilizo tayari kutumika. Wengine hugawa matini chanzi, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu, pamoja na maelekezo ya kuyageuza. Mfano mashuhuri ni Gentoo, mradi ulioanzishwa na Daniel Robbins, ambao toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 Gentoo inatoa pia programu nyingi zilizo tayari kwa wanaozipenda, lakini msingi wake ungali ni matini chanzi.

Tofauti hiyo yaweza kufananishwa na mahindi na unga. Anunuaye unga dukani huupokea kama ulivyosagwa. Apelekaye mahindi yake mashineni huchagua mwenyewe sembe au dona. Zaidi ya hayo, mwenye mahindi aweza kupata unga, lakini mwenye unga hawezi kuurudisha ukawa mahindi. Vivyo hivyo, kutokana na matini chanzi tunapata programu, ila programu iliyokwisha kugeuzwa hairudi kuwa maandishi yaleyale ya mwandishi wake.

3. Kufasiri na kukalimani

Je, kitendo cha kugeuza matini chanzi kuwa lugha ya mashine tukiiteje? Wapo wanaotumia kukusanya, kwa kufuata maana ya kukusanya habari ili kutunga kitabu. Neno hili halifai. Mwanafunzi aambiwaye “kusanya programu” atadhani anatakiwa kuzitafuta na kuziweka pamoja, na kazi hiyo nayo imo katika mafunzo haya, maana matini huletwa kwanza kwa intaneti kabla ya kugeuzwa.

Wengine hutumia kutafsiri. Hapa tumekaribia, lakini kuna jambo la kuangalia. Kompyuta ina njia mbili za kuielewa programu. Katika njia ya kwanza, matini yote husomwa na kugeuzwa kabla programu haijaanza kufanya kazi, na matokeo huhifadhiwa. Katika njia ya pili, matini husomwa na kutekelezwa wakati uleule programu inapoendeshwa. Kiswahili kinawatenganisha mfasiri, ambaye hushughulikia maandishi na kuacha nyuma maandishi mapya, na mkalimani, ambaye hugeuza maneno papo kwa papo, na akinyamaza hakuna kilichobaki. Tofauti ya watu hawa wawili ndiyo tofauti ya njia hizo mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza kufasiri kwa njia ya kwanza na kukalimani kwa njia ya pili. Programu zinazofanya kazi hizo ziitwe kifasiri na kikalimani. Istilahi hizi zina faida kwamba matini chanzi na matini lengwa, ambazo wafasiri wanazijua tayari, huingia mahali pake bila kulazimishwa.

4. Kusanidi, kufasiri, kusakinisha

Vitabu kadhaa hutumia neno kuweka kwa kazi tatu zinazofuatana. Kwanza, mtumiaji huchagua mambo anayoyataka na asiyoyataka: huku ni kusanidi. Pili, kifasiri hugeuza matini kulingana na uchaguzi huo. Tatu, matokeo hupelekwa mahali pake katika diski ili yakae na kutumika: huku ni kusakinisha, neno linalotokana na sakini, yaani kukaa mahali. Mitambo na iendelee kusimikwa, na programu zisakinishwe.

Kuzitenganisha kazi hizi si anasa ya wanaisimu. Mtu akisanidi kiini bila kukipa uwezo wa kusoma aina ya diski aliyo nayo, kiini kitafasiriwa vizuri na kusakinishwa vizuri, lakini kompyuta itakapowashwa itakwama njiani. Mwanafunzi anayeyajua majina matatu atarudi kwenye hatua ya kwanza. Anayejua kuweka tu ataanza yote upya, na katika kompyuta kuukuu ufasiri wa programu kubwa huweza kuchukua saa nyingi.

5. Maneno mawili ya hatari

Neno kuumbiza limezoeleka kwa kupanga sura ya maandishi, kama vile kuyakoleza au kuyapanua. Baadhi ya wafasiri hulitumia pia kwa kuitayarisha diski kabla ya kusakinisha mfumo. Lakini kitendo hiki cha pili humpotezea mtumiaji mafaili yaliyomo. Karani aliyezoea kuumbiza barua hana sababu ya kuogopa akiambiwa aumbize diski, na kazi yake ya mwaka mzima yaweza kupotea. Tunapendekeza kufyeka diski. Mkulima wa ufuta wa Kilwa anajua kwamba shamba lililofyekwa liko tayari kupandwa, na anajua pia kwamba kilichokuwamo hakimo tena. Istilahi nzuri hueleza kazi na huonya.

Neno la pili ni tegemezi. Programu moja huhitaji nyingine ili ifanye kazi. Ile inayohitaji ni tegemezi. Ile inayohitajiwa ni tegemewa. Wafasiri wengi huziita zote tegemezi, hali kauli ya kutendwa ya lugha yetu inatosha kuzitofautisha. Programu tegemezi ikiondolewa, kinachopotea ni hiyo yenyewe. Programu tegemewa ikiondolewa, zote zinazoiegemea huanguka. Na ikiwa ni ile maktaba ya msingi inayotumiwa na karibu kila programu, mfumo mzima huanguka.

6. Kutunza

Kutunza si kutengeneza. Kutengeneza hufuata uharibifu, lakini kutunza hufanywa wakati mfumo ungali mzima. Katika Gentoo kazi hii ina sehemu nne: kuleta orodha mpya ya maelekezo, kufasiri upya programu zilizobadilika, huku ndiko kusasisha, kulinganisha mafaili ya usanidi ya zamani na mapya, ili uchaguzi wa mtumiaji usifutwe, na kuondoa programu tegemewa ambazo hakuna tena kinachozitegemea. Kwa kazi ya mwisho tunapendekeza kupalilia.

7. Hitimisho

Istilahi tulizozijadili ni hizi:

Matini chanzi: maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mwandishi wake.
Kufasiri: kugeuza matini chanzi yote kabla ya programu kuendeshwa.
Kukalimani: kugeuza na kutekeleza kwa wakati mmoja.
Kusanidi: kuchagua namna programu itakavyokuwa.
Kusakinisha: kuipa programu makao yake katika diski.
Kufyeka: kuitayarisha diski kwa kuondoa yote yaliyomo.
Tegemezi na tegemewa: programu inayohitaji na programu inayohitajiwa.
Kusasisha: kufasiri upya programu zilizobadilika.
Kupalilia: kuondoa programu zisizohitajiwa tena.

Amri zinazoandikwa kwenye kompyuta zisifasiriwe, kwani mashine haitazitambua, zielezwe tu. Mengineyo yote yaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya wanafunzi wenye kompyuta, kisha watuletee maoni yao. Neno ambalo mwanafunzi amelifuata hadi kompyuta yake ikawaka limefaulu mtihani wake. Lililomkwamisha hatuna budi kulitafutia badala, hata kama tumelipendekeza sisi.