Fahamu: Nafasi ya mume na mama mkwe katika kumkinga mtoto na VVU

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, mjamzito anayekwenda kliniki anavuka Ziwa Victoria kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, kwa dakika chache, hasubiri tena kivuko. Njia imekuwa rahisi. Kwa mwenye VVU, ugumu umebaki nyumbani.

Tanzania ilianza mwaka 2013 kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za kufubaza virusi za maisha yote, bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Bila hatua yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Dawa zikitumika ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Dawa ni ya kila siku. Anayemficha mume huweka pamba ndani ya kopo vidonge visilie, na siku ya wageni dozi inarukwa. Mume anayejua humkumbusha na kutoa nauli. Shida ni kumpata: waume ambao ni wavuvi wa dagaa wako kambini giza lote la mwezi, hurudi mbalamwezi ikiwaka. Kliniki inayotaka wenza wapime pamoja ingepanga siku kwa kutazama mwezi.

Kisha mama mkwe. Miezi 6 ya mwanzo mtoto hunyonya tu. Uji au maji ambayo bibi humpa mapema huweza kudhuru utumbo mchanga na kuvipa virusi upenyo. Bibi huyo huyo anaweza kumnywesha mjukuu dawa ya kinga, nevirapini, kila siku, hadi afikie wiki 6 na kutobolewa kisigino kwa ajili ya kipimo. Vipimo huendelea mpaka baada ya kuacha kunyonya.