Vita vya Diski: Wapiganao ni Wakubwa, Alipaye ni Mnunuzi

Anunuaye sufuria hununua kitu kimoja. Itampikia wali leo, na itampikia wali baada ya miaka ishirini, hata kama kiwanda kilichoifua kimekwisha kufungwa. Lakini anunuaye deki ya kuonyeshea filamu hununua vitu viwili: chombo chenyewe, na ahadi ya watu asiowajua kwamba wataendelea kutengeneza diski zinazoingia katika chombo hicho. Ahadi hiyo haiandikwi kwenye risiti. Ikivunjwa, chombo kizima, kisicho na kasoro, hugeuka pambo la sebuleni.

Wasomaji wetu, na hasa kina mama ambao ndio washikao mizani ya matumizi ya nyumba, tumeona ni vyema tuwasimulie jinsi ahadi hiyo ilivyovunjwa zaidi ya mara moja, kisha tutazame lipi linatuhusu sisi.

Mara ya kwanza ilikuwa zama za kanda. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa kanda iitwayo Betamax. Mwaka uliofuata, JVC, nayo ya Japani, ikatoa VHS. Kanda hizi mbili hazikuingiliana: ya huyu haikuingia katika deki ya yule. Wengi waliisifu Betamax kwa picha yake, lakini kanda zake za mwanzo zilirekodi saa moja tu, ilhali VHS ilirekodi saa mbili, muda unaotosha filamu nzima. Isitoshe, JVC iliwaruhusu watengenezaji wengi kuunda deki za VHS, zikaenea na bei ikashuka. Kufikia mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kuuza deki za VHS. Aliyekuwa na kabati la kanda za Betamax alibaki nalo.

Somo hilo halikusahaulika mara moja. Katikati ya miaka ya 1990 kambi mbili zilikuwa tayari kupigana tena: Toshiba na wenzake upande mmoja, Sony na Philips upande wa pili, kila mmoja na diski yake. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mbele, zilikataa kushiriki katika ugomvi huo na zikadai diski moja. Mwaka 1995 wakapatana, ikazaliwa DVD. Matunda ya mapatano hayo tumeyaonja hata sisi: mtu alinunua deki yoyote, dukani kokote, akaweka diski yake ikacheza. Hivyo ndivyo mnunuzi anavyonufaika wakubwa wanapokubaliana.

Miaka kumi baadaye, televisheni kubwa zenye picha safi zilipoingia sokoni, DVD ilionekana ndogo. Uwezo wake ni gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja. Wataalamu wakaacha leza nyekundu na kushika leza ya buluu, ambayo mawimbi yake ni mafupi, hivyo husoma alama ndogo zaidi, na diski ya ukubwa uleule hubeba mengi zaidi. Hapo wakubwa wakagawanyika tena. Toshiba ilikuja na HD DVD, yenye gigabaiti 15 kwa tabaka. Sony na wenzake wakaja na Blu-ray, yenye gigabaiti 25. Zote mbili zilifika madukani mwaka 2006. Kwa macho ya kawaida diski hizi ni mapacha. Kwa deki, ni mahasimu.

Huko Marekani deki ya mwanzo ya Toshiba iliuzwa kwa dola 499, na deki ya mwanzo ya Blu-ray, ya Samsung, kwa dola 999. Mwenye kutazama bei peke yake angejua la kuchagua. Lakini filamu nazo ziligawanywa kama mirathi: Universal ilitoa filamu zake kwa HD DVD tu, Disney na Fox kwa Blu-ray tu, na Warner ilitoa kwa zote mbili. Familia iliyotaka filamu zote ilitakiwa kununua deki mbili. Sony nayo ilikuwa na hila yake: mwishoni mwa mwaka 2006 ilitia Blu-ray ndani ya mashine yake ya michezo, PlayStation 3, na hivyo waliowanunulia watoto mchezo wakawa wameingiza Blu-ray nyumbani.

Mwisho wake ulikuja kwa kishindo. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray pekee. Mwezi uliofuata duka kubwa la Walmart likafuata njia hiyo, na tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikanyanyua mikono. Ugomvi ulikwisha chini ya miaka miwili tangu ulipofika madukani. Mwaka uliofuata Toshiba yenyewe ilijiunga na kambi ya Blu-ray. Wakubwa walipeana mikono. Mnunuzi wa HD DVD alibaki na deki ambayo hakuna tena aitengenezeaye filamu. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Ni nani aliyesalimika? Ni yule aliyengoja. Deki yake ya DVD iliendelea kufanya kazi, na alipoamua kununua, Blu-ray ilikuwa imeshuka bei, tena inacheza na DVD zake za zamani. Kusubiri namna hiyo si ubahili. Ni kujiepusha na israfu.

Kwetu Pwani kuna mtego mwingine. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda na kuzitia diski kufuli. Kwa DVD, Kenya imo katika kanda ya 5, ilhali nchi za Ghuba zimo katika kanda ya 2. Ndiyo maana diski halali aliyoleta ndugu kutoka Muscat au Dubai huweza kukataliwa na deki iliyofungwa kwa kanda yetu. Kwa Blu-ray, sisi na Ghuba tumo katika kanda moja, yaani B. Lakini diski ya Marekani ni A. Basi kabla ya kumwagiza mtu wa safari, mwambieni atazame alama nyuma ya kasha.

Lakini filamu ya dukani ikipotea, itapatikana nyingine. Isiyopatikana tena ni harusi ya binti, au sauti ya bibi aliyekwisha kututangulia. Kanda za VHS zilizojaa makabatini mwetu zimebaki yatima: kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki zake, iliacha mwaka 2016. Joto na unyevu wa Pwani huleta ukungu kwenye kanda. Hata diski zilizorekodiwa mitaani si salama, kwani hutegemea safu ya rangi inayofifia kwa jua na joto.

Hivyo tunashauri zihamishwe sasa, maadamu deki nzima bado zinapatikana. Wekeni nakala mbili, mahali pawili, mojawapo katika nyumba ya jamaa mwingine, na kila miaka michache mzijaribu kama bado zafunguka.

Na hapa pana amana. Kanda nyingi za harusi zetu ni za ukumbi wa wanawake, zilizopigwa na wanawake kwa macho ya wanawake. Msimkabidhi mtu wa duka msiyemjua na kuondoka zenu. Mtafuteni binti au mama wa kuaminika mwenye ujuzi huo. Ikiwa hapana budi kwenda dukani, mmoja wenu akae hapo hadi kazi iishe, na ahakikishe nakala imefutwa katika kompyuta ya fundi. Picha ikifutwa na ukungu ni hasara ya nyumba moja. Ikitoka nje, hairudishiki.